Chai juu ya maharage, na maswali mengine ya jikoni

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja kwa maneno tofauti: mwili umechoka, na hasira ziko karibu. Tumejibu sita.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34. Tangu mwaka uanze nachoka kabla hata ya kipindi cha pili, nikipanda kilima moyo unanienda mbio, na watoto nawafokea kwa mambo madogo. Zahanati walinipima wakasema damu ni 10.1, wakanipa vidonge na kunishauri nile mboga za majani na maharage. Lakini ndivyo ninavyokula karibu kila siku! Tatizo liko wapi? (Mwalimu, Morogoro)

Pole, mwalimu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, damu ikishuka chini ya 12 tayari ni upungufu. Kwa hiyo usijilaumu kwa huo ukali. Mwili usiopata oksijeni ya kutosha huchoka upesi, na aliyechoka hukasirika upesi. Hukutuambia unashushia nini chakula chako, ila tukibahatisha tutasema chai.

Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, kunde na mchicha ni ya aina ambayo utumbo huyapokea kwa shida. Ukinywa chai papo hapo, tanini za majani ya chai huyakamata yakiwa bado tumboni, na sehemu kubwa hutoka kama ilivyoingia. Kutia maziwa hakuondoi tatizo, na kahawa nayo ni vilevile. Si lazima uache chai. Isogeze tu: inywe saa moja kabla ya mlo, au saa moja hadi mbili baada yake, na wakati wa kula unywe maji.

Kisha weka kwenye sahani hiyohiyo kitu chenye vitamini C, ambayo husaidia chuma kuingia mwilini. Nusu ya ndimu juu ya maharage inatosha, au kachumbari ya nyanya na pilipili hoho, au pera baada ya kula (pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa). Ndimu ikamue chakula kikiwa mezani. Ukiikamulia sufuriani moto ukiwaka, vitamini inaharibika unabaki na uchachu tu. Ukipata nyama kidogo au dagaa, hata konzi moja, changanya na maharage. Chuma cha nyama huingia kwa urahisi na husaidia kile cha maharage kupita.

Mchicha, kwa upande wa damu, una sifa kubwa kuliko uwezo wake. Ule kwa ajili ya vitamini A na foleti (moja ya vitamini B), lakini kwa chuma tegemea zaidi maharage, dengu, choroko na nyama. Uoshe kabla ya kuukata, uupike dakika tatu hadi tano kwa maji yaliyobaki kwenye majani. Anayeuchemsha na kumwaga maji, foleti ameimwaga shimoni.

Maharage yenyewe: chambua vikombe 2, osha, loweka usiku kucha (saa 8 hadi 12) kwa maji mara tatu ya wingi wake. Asubuhi mwaga maji hayo. Kuloweka hupunguza gesi tumboni, hupunguza muda wa kupika, na hupunguza faiteti, ambazo nazo huzuia chuma. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali yatokote kabisa dakika 10 au zaidi, ndipo upunguze moto. Hatua hiyo usiiruke kwa maharage mekundu. Yakiwekwa mabichi juu ya makaa hafifu tangu mwanzo, sumu yake ya asili haifi, na wanaoyala hutapika ndani ya saa chache. Nyanya na ndimu zisubiri hadi yalainike, maana uchachu hukaza maganda. Chumvi husingiziwa bure. Magadi kweli hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1. Na kama umepika saa tatu bado magumu, huenda ni maharage ya zamani yaliyokaa ghalani kwenye joto. Hayo hata ufanyeje hayalainiki vizuri.

Vidonge umeze kwa maji au juisi ya matunda, kamwe si kwa chai wala maziwa. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni vidonge. Vikikuchefua, meza baada ya kula kidogo badala ya kuviacha. Kwa kawaida huendelea kutumiwa kama miezi mitatu hata baada ya damu kupanda, ili akiba ya mwili ijae, kwa hiyo usivikatishe bila kuuliza. Tena urudi kuuliza damu inapotelea wapi: hedhi nzito, minyoo ya safura na malaria ya mara kwa mara ndiyo majibu ya kawaida, na hakuna sahani ya maharage inayotibu minyoo.

Nina mimba ya miezi mitano na siwezi kupitisha siku bila kula udongo, ule unaouzwa sokoni kama vijiti. Mama mkwe anasema ni kawaida ya wajawazito, niachwe. Je, una madhara? (Msomaji, Kigamboni)

Ni kawaida kwa maana kwamba wengi wanafanya hivyo, ila una madhara. Hamu ya udongo, ya mchele mbichi au ya barafu mara nyingi hufuatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe hukishika chuma tumboni ukazidisha upungufu uleule. Juu ya hapo unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Mweleze muuguzi kliniki waziwazi, upimwe damu, na umeze zile dawa za chuma na foliki unazopewa. Kwa wengi hamu hupungua damu ikianza kupanda. Wakati huo tafuna kitu kikavu chenye mlio, kama mbegu za maboga zilizokaangwa bila mafuta. Mama mkwe usibishane naye. Nenda naye kliniki.

Mimi ni mwanabodaboda. Saa kumi na mbili nakunywa chai ya mkandaa na mandazi matatu, ikifika saa nne nasinzia na abiria akiniongelesha nakasirika. Nisaidieni na kitu cha bei ya chini ambacho si mayai kila siku. (Msomaji, Nakuru)

Kwanza ulale vya kutosha, ndugu, maana dereva anayesinzia hatibiwi na uji. Ila kiamsha kinywa chako nacho kina lawama. Unga mweupe na sukari huyeyuka haraka, sukari ya damu hupanda upesi na kushuka upesi, na ndani yake hamna protini ya maana ya kukushikilia. Ukiongeza soda ya nusu lita njiani umekunywa zaidi ya gramu 50 za sukari, karibu vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku nzima, na vizuri zaidi akiishia 25.

Jaribu uji wa ulezi, au wimbi kama mnavyouita huko. Usiku, koroga vijiko 5 vikubwa vya unga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi, tia vijiko 2 vya uji mchachu wa jana au mtindi, funika, acha mahali pa joto. Asubuhi utakuta viputo na harufu ya uchachu mtamu. Ukikuta ukungu wa rangi yoyote juu, mwaga wote, usiukwangue. Chemsha vikombe 2 vya maji, mimina mchanganyiko taratibu huku ukikoroga, na ukianza kutokota hesabu dakika 10 hadi 15. Mabonge hutokea pale unga mkavu unapotupwa kwenye maji ya moto: nje unaiva, ndani unabaki unga. Mwishoni chota uji kidogo kwenye bakuli, vuruga humo kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya njugu, kisha urudishe sufuriani. Tia chumvi kidogo. Sukari kijiko kimoja, si vitatu. Kama unataka maziwa, tia ukiwa umeepua, kwani uji mchachu ukitokota na maziwa hukatika.

Wapo wanaolalamika kwamba uji wenye unga wa kutosha unakuwa mzito kama ugali. Hapo ndipo kimea kinapofanya kazi, na wengi hukitumia vibaya. Kimea ni ulezi uliooteshwa siku mbili au tatu, ukakaushwa na kusagwa; una kimeng'enya kinachokata wanga. Ukikitia kwenye uji unaotokota, moto unakiua na huoni tofauti yoyote. Epua, acha uji upoe hadi uvumilike ukiuonja, ndipo ukoroge kijiko kimoja cha chai cha kimea. Ndani ya dakika kumi uji mzito unateleza kama maziwa, bila tone la maji kuongezwa. Kisha urudishe motoni utokote tena dakika chache, kwa sababu nafaka iliyooteshwa kwenye unyevu hubeba vijidudu.

Njugu zichambue kwa mkono moja moja. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara.

Nimesoma kwamba ndizi mbivu zina homoni ya furaha. Ndugu yangu ana sonona, je, ndizi ngapi kwa siku? (Msomaji, Bukoba)

Ndizi ina serotonini kweli, ndiyo hiyo homoni ya furaha, lakini serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Ale ndizi kwa sababu ni chakula kizuri, si kwa hesabu ya dawa. Kilichoonyesha dalili njema ni mlo mzima. Mwaka 2017 Australia walichapisha jaribio la wiki 12 kwa watu 67 wenye sonona: waliosaidiwa kubadili mlo, wakaongeza mboga, jamii ya kunde, samaki na nafaka isiyokobolewa na kupunguza vitamu, walipata nafuu zaidi ya wale waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu. Jaribio ni dogo, na wengi wao walikuwa wanaendelea na tiba yao. Ndugu yako asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya chakula. Kama hamu ya kula imempotea, usimpakulie sahani kubwa ya kumtisha. Mpe kidogo kila baada ya saa tatu, mtori mwepesi au uji wa karanga, na kaa naye anapokula. Akianza kusema maneno ya kujidhuru, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Dagaa wa Mwanza watoto wangu hawawataki, wanasema wachungu na wana mchanga. Nawaosha mara nne! (Mama watatu, Singida)

Idadi ya kuosha siyo shida, ni namna. Ukimimina maji na dagaa pamoja kwenye chujio, mchanga uliotua chini unawarudia. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano, wapikiche taratibu, kisha uwatoe kwa viganja na kuwaweka kwenye beseni jingine. Maji na mchanga vibaki. Rudia hadi chini pawe safi. Uchungu uko kichwani na tumboni, kwa hiyo vinyofoe kabla ya kuloweka, angalau kwa sahani ya watoto.

Kwa vikombe 2, wakaushe vizuri, wakaange kwa vijiko 3 vya mafuta dakika tano hadi saba mpaka walie wakiguswa na mwiko. Watoe. Kwenye mafuta hayo kaanga kitunguu kimoja, vitunguu saumu punje tatu na nyanya tatu hadi zilainike kabisa, rudisha dagaa, tia nusu kikombe cha tui zito, acha dakika tano bila kufunika. Ukifunika wanalowa na ile harufu inazidi. Mifupa yao inaliwa yote, na humo ndimo mlimo kalisi.

Assalaam aleikum. Kila Ramadhani, siku tatu za kwanza mume wangu huumwa kichwa na nyumba nzima hatusemeshani. Anywe nini daku? (Bi. wa Kisauni, Mombasa)

Waaleikum salaam. Kichwa cha siku za kwanza kinachopoa chenyewe baadaye aghalabu ni kahawa iliyokatwa ghafla. Dawa yake huanza kabla ya mwezi kuandama: wiki mbili kabla apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku tatu, hadi abaki na kimoja, nacho akihamishie usiku mapema. Daku aichelewesheni, iwe na kitu kizito: maharage au kunde na wali wa jana, yai, mtindi, tende tatu. Achari na samaki wa chumvi viwekwe kando, vitamtia kiu kabla ya adhuhuri. Maji ayagawe, bilauri moja moja tangu futari hadi daku. Akinywa lita nzima dakika ya mwisho ataishia msalani. Kama anatumia insulini au vidonge vya sukari, mpango huu wote ausubirishe hadi aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla, maana dozi na saa za dawa hubadilishwa.