Kama chuo hakijakataza, mbona najisikia mwizi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa mwisho chuo, naandika tasnifu, kuna jambo linaninyima usingizi. Darasani kwetu karibu wote wanatumia ChatGPT, mtu anaingiza mada anaenda zake kuoga akirudi sura ya pili ipo tayari. Mwongozo wa chuo haujakataza, unasema tu "itumike kwa uangalifu", sasa uangalifu upi hakuna anayejua. Na mimi nikafanya hivohivo, sura nzima. Juzi supavaiza wangu akaweka kidole kwenye aya moja akauliza, "hapa ulikuwa unamaanisha nini?" Mwalimu, nilibaki nimekodoa macho, aya yangu mwenyewe siijui. Hakunifokea, alikaa kimya tu akisubiri. Sheria sijavunja, hakuna niliyemuumiza, sasa kinachonisumbua nini? Au ushamba tu?

JIBU: Marahaba. Ushamba sio. Wengi wakiletewa swali kama lako wanakimbilia sheria inasemaje, au wanauliza nani kaumia, na kwa njia zote mbili wewe umejitetea vizuri tu. Ila kuna njia nyingine ya zamani sana, ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, siku hizi inaitwa maadili ya fadhila, yaani ya tabia njema, na yenyewe haianzi na "inaruhusiwa?", inaanza na ukifanya hivi leo na kesho na keshokutwa unageuka mtu wa namna gani. Alisema mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na haki vilevile, unakuwa mwenye haki kwa kuitenda. Wahenga wetu wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tofauti ni kwamba hapa mtoto ni wewe na mlezi ni wewe.

Sasa jiulize hiyo sura ya pili ni ya kazi gani. Chuo hakina njaa ya sura za pili, makabati yamejaa, zingine hata vumbi halijapanguswa. Kilichotakiwa ni wewe ukae na makala zinazobishana, huyu anasema hivi yule anapinga, umwamini wa kwanza halafu ukifika ya tano ugundue kumbe alikuzungusha. Hapo ndipo akili inapopikwa, na hapo ndipo ulipoenda kuoga.

Mwanafalsafa mmoja, Alasdair MacIntyre, mwaka 1981 alitoa mfano wa mtoto anayefundishwa chess kwa kuahidiwa pipi. Akiwa anachezea pipi tu, hana sababu yoyote ya kutodanganya mchezoni kama ataweza kudanganya bila kukamatwa. Siku akiupenda mchezo wenyewe mambo yanageuka, maana akidanganya anajinyima kilekile alichokifuata. Cheti ni pipi, mdogo wangu. Na huko kujisikia mwizi kwako mimi nakuona kama mtu aliyeanza kuupenda mchezo, wale wasiosumbuka ndio wa kuhurumia.

Sisemi usiiguse kabisa hiyo mashine, mimi mwenyewe inanisahihishia tahajia. Kwa Aristotle fadhila inakaa katikati, kama ujasiri ulivyo kati ya woga na kujitosa ovyo, na pale katikati unapaona kwa busara, hakuna mwongozo utakaokupimia. Anayeandika kwa lugha ya kujifunza ukubwani akaomba anyooshewe sarufi, fikra bado ni zake. Aliyeiachia mashine isome na iamue kwa niaba yake kabaki na nini?

Na walimu nao wasijifiche nyuma yako. Kuna wanaomfelisha mtu kwa sababu kigunduzi, yaani programu ya kutambua maandishi ya mashine, kimesema "hii ya mashine", wakati OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023, kwa majaribio yao wenyewe kikakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kikasingizia asilimia 9 ya yale ya binadamu, Julai wakakiondoa. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford wakapima vigunduzi saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za mashine. Kumhukumu mtu kwa kitu kama hicho ni uvivu uliovaa joho. Supavaiza wako aliuliza swali akasubiri, shikamana naye huyo.

Kwa hiyo rudi kwake umwambie ukweli kabla hajakuuliza tena. Anaweza kukuchukulia hatua? Anaweza, nisikudanganye. Halafu omba muda, chukua ileile aya, soma vilivyotajwa mle ndani (hakikisha kwanza vipo, hizi mashine huwa zinabuni hadi marejeo) kisha uiandike mwenyewe. Itatoka mbovu kuliko ya kwanza, sentensi zitayumba, mpelekee hivyohivyo.