Kitufe cha "Jiunge" kinampeleka mwanafunzi wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Tuko watatu, mwaka wa tatu, tunasoma teknolojia ya habari hapa Mbeya. Mradi wetu wa mwisho ni aplikesheni ya kumsaidia mwanafunzi kuzipata klabu za chuo na kujiunga nazo. Skrini zote tumeshazichora kwenye Figma. Tulipitisha dodoso kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa na karibu wote walisema wataitumia. Sasa tunabishana: mmoja anataka Flutter, zana ya kujenga aplikesheni ya Android na iPhone kwa pamoja, mwingine anataka Android peke yake. Halafu kuna fundi anayesema atatumalizia kazi yote kwa laki nne, na kwamba tukiweka pointi na beji watu hawatabanduka. Tushike lipi?
Msomaji, Iyunga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ubishi wa Flutter tuumalize hapa hapa: tumieni ile ambayo wawili kati yenu wanaiweza tayari. Au acheni zote mbili kwa muhula huu, mjenge tovuti nyepesi inayofunguka kwenye simu yoyote. Mwanafunzi ambaye simu yake inamwambia kila siku kuwa nafasi imejaa hatafuta picha zake ili apakue orodha ya klabu. Google Play nayo itawadai dola 25 za kufungua akaunti, mara moja tu. Na kama akaunti ni mpya na ni ya mtu binafsi, lazima kwanza mpate wajaribu 12 wakae kwenye jaribio la walioalikwa tu (closed testing) siku 14 mfululizo. App Store ya iPhone ni dola 99 kila mwaka, na sidhani mnaihitaji.

Kilichonifanya niandike kwa urefu ni hayo maneno "karibu wote walisema wataitumia". Kila msimu wa miradi naletewa sentensi hiyo, imepigwa chapa vizuri kwenye sura ya nne ya ripoti na chati yake ya rangi pembeni. Jamani! Mtu ukimuuliza kwa heshima, "Nikikutengenezea hiki utakitumia?", atakujibu ndiyo. Wala hakudanganyi, anakutia moyo. Mwenzenu alibonyeza "ndiyo" akiwa kwenye foleni ya chakula ili msimamizi wa kundi aache kumkumbusha. Jibu hilo halikumgharimu bando, halikumgharimu jioni yake, wala halikumpandisha bajaji. Halafu nyinyi mnalichukua kama ushahidi kwamba kuna hitaji.

Ulizeni yaliyokwisha kutokea. Tafuteni mtu aliyewahi kujiunga na klabu akaacha, mkae naye chini, mseme: "Nisimulie mara ya mwisho ulipokwenda kwenye kikao." Kisha nyamazeni. Mimi husikia mambo yale yale. Alikwenda ukumbini akakuta kikao kimehamishiwa darasa jingine, tangazo limetoka kwenye kundi ambalo yeye hayumo. Alifika hamjui mtu, akakaa nyuma dakika ishirini, akaondoka. Alidaiwa kiingilio na hela ya fulana siku ya kwanza, na bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, lilikuwa halijatoka. Kikao kilianza saa moja usiku, naye amepanga mbali, Uyole. Mvua za Januari zilikula kiwanja, mazoezi yakafa, na hakuna aliyetangaza kuwa yameanza tena.

Hebu pimeni wenyewe: katika hayo, lipi linatibiwa na orodha nzuri ya klabu zenye nembo za duara? Hakuna. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakosi kujua kuwa kuna klabu ya mdahalo, ya mazingira, au ya wapinga rushwa. Wiki ya kuwapokea wageni ametangaziwa mpaka masikio yamechoka. Anachokosa ni kujua kikao cha wiki hii ni lini, kiko wapi, kitaisha saa ngapi, kinadai shilingi ngapi, na akifika amuulizie nani. Kwa hiyo skrini yenu ya kwanza isioneshe klabu, ioneshe vikao vya siku saba zijazo. Klabu isiyo na kikao kijacho ishuke chini kabisa, hata kama nembo yake inang'aa.

Na hapo ndipo mtakapokutana na mtu ambaye dodoso halikumgusa: katibu wa klabu. Yeye ndiye atakayeingiza tarehe, atakayebadili ukumbi, atakayejibu maombi. Ana mitihani ya majaribio, halipwi, na mwakani atakuwa amemaliza uongozi. Mmemuuliza? Naweza kukisia mlichomwekea: fomu ya sehemu kumi na tano, maelezo ya dira na dhamira, picha ya jalada, nenosiri lenye herufi kubwa na alama. Ataijaza siku ya uzinduzi kwa sababu nyinyi ni rafiki zake, na hataigusa tena. Ikifika Machi, aplikesheni nzima inaonesha vikao vya Novemba. Mwanafunzi akidanganywa na tarehe mara moja tu, harudi, na hakuna rangi ya kitufe itakayomrudisha.

Mtu atakutajia Facebook ilivyoanzia bwenini. Ni kweli ilifunguliwa Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard peke yao, kisha ikaenda chuo kimoja baada ya kingine. Lakini pale kila mtumiaji alijaza habari zake mwenyewe, na alikuwa na hamu ya kuzijaza. Kwenu habari za wanafunzi mia mbili zinategemea kidole cha mtu mmoja aliyechoka. Huo ni ugumu wa aina nyingine kabisa, na ndio mradi wenyewe.

Basi mtengenezeeni katibu kwanza. Kazi yake ya kila wiki iishe kwa mguso mmoja: mfumo umtumie ujumbe Jumapili jioni, "Kikao cha Jumatano saa kumi, darasa lile lile?", naye ajibu ndiyo, hapana, au abadilishe. Kila kikao kibebe tarehe ya mwisho kuthibitishwa, na mwanafunzi aione. Wiki tatu zikipita kimya, kikao kijiondoe chenyewe, kwa sababu ukurasa mtupu una heshima kuliko ukurasa wa uongo. Akaunti iwe ya nafasi ya ukatibu, isifungwe kwenye namba ya simu ya mtu, na iwe na siku ya kuisha inayolingana na uchaguzi wa klabu, ili kukabidhiana kuwe sehemu ya mfumo. Nimeona klabu hai kabisa zikiachwa na ukurasa uliokufa kwa sababu aliyekuwa na nenosiri amehitimu, amebadili laini, na hapatikani.

Sasa kitufe cha "Jiunge". Kwenye michoro mingi ninayoletewa, ukikibonyeza kinageuka kijani na kuandika "Umejiunga". Umejiunga na nini? Hakuna aliyepata habari, hakuna anayekusubiri. Kitufe hicho kitoe mambo matatu: jina la cheo cha mtu atakayekupokea, kikao cha kwanza unachotarajiwa, na njia ya kusema "sitaweza kufika". Neno lenyewe la kujiunga mngelisogeza mpaka baada ya kikao cha kwanza. Mwanzoni andikeni "Nitakuja kuona", kwa sababu ndilo analolitaka mgeni: kuchungulia bila kufunga ndoa.

Msijidanganye kuwa mtaiua WhatsApp. Maongezi ya klabu yatabaki huko, yaacheni. Ila msibandike kiungo cha kundi hadharani. Kiungo kilicho wazi hufuatwa na matapeli wa mikopo na kamari ndani ya siku chache, na kundi lina kikomo cha watu 1,024, kwa hiyo klabu kubwa inajaza wageni kabla ya wanachama. Kiungo kitolewe baada ya katibu kukubali.

Kisha mjaribu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kuwa watumiaji watano wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo ya muundo, na watu wameigeuza kuwa kisingizio cha uvivu. Hesabu hiyo ni ya watumiaji wanaofanana. Kwenu ni watano wa mwaka wa kwanza na makatibu watano. Na jaribio hilo huonesha watu wanakwama wapi. Halioneshi kama watarudi wiki ijayo. Chapeni skrini kwenye karatasi, mpeni kazi moja, "Tafuta kitu cha kufanya Alhamisi jioni na urudi geto kabla ya giza", mkae pembeni mdomo umefungwa. Mkijikuta mnaeleza, mchoro umeshindwa.

Tuje kwa huyo fundi wa laki nne. Simjui, lakini bidhaa yake naijua. Ni mfumo mmoja unaouzwa kila chuo ukibadilishwa nembo. Nimewahi kufungua aplikesheni ya namna hiyo, nikakuta chini ya ukurasa limebaki jina la chuo cha mkoa mwingine, na nenosiri la msimamizi ni "admin". Pointi na beji ni dawa ya kienyeji ya kundi hilo: wanamwekea kila mgonjwa, wa kichwa na wa mguu. Angalieni zinachozaa. Watu kumi na wawili wanabonyeza kila klabu wapate beji, katibu anapokea majina kumi na mbili ya mizimu, anawaandalia viti, hawatokei. Baada ya mara mbili katibu anaacha kufungua mfumo, na yeye ndiye mliyekuwa mkimtegemea.

Hatari kubwa zaidi ya mafundi hawa haiko kwenye beji, iko kwenye fomu. Wanakusanya kila kitu "kitasaidia baadaye": namba ya usajili, NIDA, dini, mkoa, namba ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na imani ya dini imo kwenye taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Mtasema hamkuuliza dini. Mmeiuliza! Vyuoni kwetu, Mbeya hata Iringa, miongoni mwa vikundi vinavyojaza watu ni vya ibada: TMCS ya Wakatoliki, USCF na CASFETA za Wakristo wengine, jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu. Orodha ya wanachama wa kikundi hicho ni orodha ya dini za watu, na orodha ya tawi la vijana wa chama ni orodha ya misimamo ya siasa. Ikae wazi kwenye kanzidata ya fundi, nani anajua nani ataisoma?

Kwa hiyo orodha ya wanachama ionekane kwa viongozi wa kikundi hicho pekee, mwanachama aweze kujifuta bila kuomba ruhusa, na majina yafutwe mwaka wa masomo ukiisha. Kwa kumtafutia mtu kikao, jina na namba moja ya simu vinatosha. Vingine msivikusanye.

Onyo hili ni kwa wote wanaojenga mifumo ya vyuo, wa Njombe, Songea na Sumbawanga wakiwemo, maana barua zao ni zile zile. Mkiamua kumlipa mtu, jina la tovuti, akaunti ya Google Play na kanzidata visajiliwe kwa barua pepe yenu kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Msimbo wote wa programu mkabidhiwe kila wiki, msisubiri mwisho. Na fundi mwenyewe aje akae saa moja na katibu mmoja wa klabu, amwone anavyohangaika na fomu yake. Wengi wao hapo ndipo hupata safari ya ghafla ya Dar.