Ripoti ya mama inasema "kongosho halikuonekana vizuri": liko wapi hasa?

Pole kwa mama, na umfikishie shikamoo yangu. Umeuliza mambo mawili: kongosho liko upande gani, maana jirani amekwambia ni kushoto chini ya mbavu, na kwa nini ripoti ya ultrasaundi imeandikwa "kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi". Kazi yangu ndiyo hiyo, napiga ultrasaundi katika hospitali ya wilaya, na sentensi hiyo naiandika mara kwa mara. Maswali yako yote mawili jibu lake liko kwenye mahali kongosho lilipolala.

Jirani ametaja mkia tu. Kongosho limekingama tumboni kutoka kulia kwenda kushoto, na upande wa kushoto linapanda kidogo. Weka vidole chini kidogo ya chembe ya moyo, katikati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua. Usawa wake ni hapo. Lakini hata ukibonyeza vipi hulipati, kwa sababu mbele yake kuna ukuta wa tumbo, kipande cha kushoto cha ini, mfuko wa chakula, na utumbo mpana unaokatiza chini yake. Lenyewe limeshikamana na ukuta wa nyuma, mbele ya uti wa mgongo, kwenye pingili ya kwanza na ya pili za kiuno. Kati yake na mifupa hiyo inapita ile mishipa mikubwa miwili ya damu, unaoshusha damu kutoka kwenye moyo na unaoirudisha. Ndiyo maana maumivu yake hupenya hadi mgongoni, na mgonjwa hupata nafuu kidogo akikaa ameinama mbele kuliko akilala chali.

Si kiungo kikubwa. Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 12 hadi 20, na uzito wa kama gramu 70 hadi 100. Ni laini, lina rangi ya manjano iliyofifia, na juu yake limejaa vinundu vidogo vilivyobanana, kama gunzi la mahindi lenye punje zake, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili.

Upande mnene ndio kichwa, uko kulia. Kimezungukwa na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, unaojikunja kwa umbo la herufi C. Mrija wa nyongo unaoshuka kutoka kwenye ini unapita nyuma ya kichwa hicho, au ndani ya nyama yake kabisa, kisha unakutana na mrija wa kongosho, na kwa watu wengi yote miwili inamwaga kwenye duodeni kupitia tundu moja. Ujirani huu una matokeo makubwa. Kijiwe cha nyongo kikikwama pale mwishoni, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na mtu akapata maumivu makali sana na kutapika. Uvimbe ukiota kichwani, unaubana mrija wa nyongo: macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, choo kinakuwa cheupe, mwili unawasha, na wakati mwingine hakuna maumivu yoyote. Uvimbe huohuo ukiota mkiani hauna mrija wa nyongo wa kuubana, kwa hiyo unakua kimya kimya na mara nyingi hugunduliwa umeshasambaa.

Baada ya kichwa kuna shingo fupi, na nyuma yake mshipa unaotoa damu kwenye utumbo unaungana na ule wa bandama, kisha vinakwenda pamoja kwenye ini. Kipande kidogo cha kichwa kimepinda hadi nyuma ya mishipa hiyo. Madaktari wa upasuaji hupaheshimu sana mahali hapo. Isitoshe, kichwa na duodeni vinalishwa na mishipa ileile ya damu, ndiyo maana kikiondolewa kwa sababu ya saratani, kwa kawaida duodeni nayo huondoka. Kisha kuna kiwiliwili, kinachovuka mbele ya ule mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kwenye moyo, na mkia unaoishia penye mlango wa bandama.

Kazi zake ni mbili. Nyama yake karibu yote inatengeneza maji ya kusaga chakula, kama lita moja na nusu kwa siku, yanayopita kwenye mrija ambao Johann Georg Wirsung aliueleza huko Padua, Italia, mwaka 1642. Ndani ya maji hayo kuna vimeng'enya, yaani kemikali zinazosaga chakula, na vingi hutoka vikiwa vimelala, vinaamshwa vikifika kwenye utumbo. Vikiamka ndani ya kongosho, vinaanza kulisaga lenyewe. Kazi ya pili inafanywa na visiwa vidogo vya chembe hai vilivyotapakaa humo, vinavyomwaga insulini na homoni nyingine moja kwa moja kwenye damu. Paul Langerhans aliviandika Berlin mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi, bila kujua vinafanya nini. Viko kama milioni moja, lakini vyote pamoja ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho.

Hapa niseme jambo linaloniumiza: kuna watu wanauza dawa za kunywa za "kusafisha kongosho". Mrija ule unatoa maji kwenda nje, na mdomo wake una msuli unaoufunga. Unachokunywa kinapita kwenye duodeni na kuendelea na safari yake, hakigeuki kuingia kwenye kongosho kusafisha chochote. Usimtolee mama hela kwa ajili hiyo.

Sasa ripoti. Mawimbi ya sauti ya mashine hayapiti kwenye hewa. Nikiweka kifaa chenye jeli pale chini ya chembe ya moyo, nikikipitisha kwa kukingama, kwanza nautafuta mshipa wa bandama, mstari mweusi uliolala. Utepe wa kijivu ulio mbele yake ndio kongosho. Nyuma yake zaidi kuna kidoa cheusi chenye duara jeupe, mshipa unaolisha utumbo, nao unanithibitishia kwamba niko mahali pake. Mgonjwa akiwa amekula, au mfuko wa chakula na utumbo mpana vimejaa gesi, vyote hivyo vinafunikwa na ukungu mweupe. Mkia ndio unaopotea kwanza.

Kwa hiyo "halikuonekana vizuri" haina maana kwamba ni zima, wala haina maana kwamba ni gonjwa. Kipimo hakijajibu. Arudie asubuhi akiwa hajala kwa saa 6 hadi 8. Mpimaji anaweza kumnywesha maji ili mfuko wa chakula ujae na kuisukuma hewa, akamkalisha au kumgeuza ubavu, na mkia akautafuta kwa kupitia bandama. Wakiandika kwamba kongosho ni jeupe kuliko kawaida, usishtuke mapema: umri ukisogea mafuta huongezeka humo, na kwa wazee wengi huonekana hivyo.

Kama maumivu yake yanakwenda mgongoni, usikubali aendelee tu kumeza dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi. Mwombe daktari apime damu, kimeng'enya kinachoitwa lipesi au amilesi, na kama bado haieleweki, siti skani inaona nyuma ya gesi bila shida. Akipata macho ya manjano, kupungua uzito bila sababu, au maumivu makali yanayoambatana na kutapika, msisubiri miadi, mpelekeni siku hiyohiyo, na mchukue ripoti ya zamani pamoja na picha zake.