Upinde mzee wa kompaundi: upime kwanza, ndipo ulenge

Upinde wangu ni wa kompaundi, yaani uzi na kebo zake hupita kwenye magurudumu mawili. Ni wa miaka ya tisini, mpini wa aluminiamu, magurudumu ya duara, uzani wa kuvuta pauni 60. Niliununua hapa Mbeya kwa mtu aliyekuwa anahama, akaniapia kwamba uko tayari. Kwa mishale ya mazoezi yenye ncha butu ulipiga vizuri kiasi. Siku nilipofunga vyembe vya kuwindia, mshale uleule ukaenda kiganja kizima kulia na chini. Nikasogeza kilengeo. Kesho yake ncha butu zikapotea. Nikakirudisha. Wiki mbili ziliisha hivyo, na mabega yakaniuma bure.

Wewe unayeanza na upinde wa mtumba, usiguse kilengeo. Kilengeo ndicho cha mwisho kabisa. Chembe kina nyembe pana mbele, nazo hushika upepo kama mabawa madogo. Mshale ukitoka umekaa upande, nyembe zinaupeleka huko unakoelekea. Ncha butu huficha kasoro hiyo kwa sababu manyoya ya nyuma huwahi kuunyoosha. Kwa hiyo ncha butu zikienda huku na vyembe vikienda kule, tatizo liko kwenye upinde au kwenye mshale, na huko ndiko pa kutafuta.

Anza na usalama. Chukua pamba kavu, ipitishe taratibu juu ya mabawa yote mawili ya upinde (sehemu za juu na chini zinazopinda ukivuta), mbele, nyuma na kwenye kingo. Ikinasa nyuzinyuzi, simama hapo hapo: kuna ufa, na bawa lenye ufa linaweza kupasuka karibu na uso wako. Usivute upinde ukauachia bila mshale, hata mara moja, hata kwa utani, kwa sababu nguvu yote iliyopaswa kubebwa na mshale inarudi kwenye mabawa na kebo. Uzi uliochakaa usiufungue kwa kubahatisha wala kwa jeki ya gari. Kuna mashine yake ya kubana mabawa. Kama huna, mpelekee aliye nayo.

Kisha pima. Nilimwita jirani yangu, fundi seremala, aje na guni (kipimo cha pembe mraba), pima maji na tepu. Tulipima kutoka kwenye uzi hadi mahali bawa linapoingia kwenye mpini, juu na chini. Kwa upinde wa magurudumu mawili kama huu wangu vipimo hivyo huanza vikiwa sawa. Vyangu vilipishana milimita 6, kwa kuwa mwenye upinde wa awali aliilegeza bolti moja ya kubana bawa akaiacha nyingine. Ukigusa bolti hizi, zungusha zote mbili kiasi kilekile, na usizidishe mizunguko iliyoruhusiwa na mtengenezaji.

Baada ya hapo nilichora mstari wa kalamu kwenye kila gurudumu, pale kebo inapoliacha, nikavuta polepole huku mshale ukiwa umeelekezwa kwenye maboksi ya shabaha. Jirani alisimama pembeni yangu, nyuma ya mstari wa mshale.

"Kaka, la chini linatangulia."

"Kwa kiasi gani?"

"Kidogo, lakini linatangulia. La juu linalifuata."

Mimi niliyekuwa navuta nisingeliona kamwe. Gurudumu moja likitangulia, uzi hauendi mbele ukiwa umenyooka, na mkia wa mshale unapanda au kushuka njiani. Dawa yake ni kuisokota kebo nusu mzunguko baada ya upinde kulegezwa kwenye mashine, kisha kuvuta na kutazama upya. Kwangu ilichukua mizunguko miwili na nusu. Pinde za zamani huvumilia makosa ya mkono kuliko hizi kali za sasa, ila mzigo wa kushikilia ni mkubwa: ukishavuta mpaka mwisho, upinde wa pauni 60 unaopunguza asilimia 50 unakuachia pauni 30, na wa asilimia 65 unakuachia 21. Ukianza kutetemeka, pumzika. Mshale uliorushwa na mkono uliochoka haufai kupimia chochote.

Tukaweka guni kwenye uzi, mshale ukakaa pembe mraba, mkia ukiwa juu milimita 3 hivi. Huo ni mwanzo tu. Karatasi ndiyo inayosema ukweli: funga gazeti kwenye fremu tupu, simama mita 2, rusha. Tundu likionyesha mkia ulipita juu ya ncha, shusha kituo cha mkia kwenye uzi au pandisha kiegemeo, pale mshale unapolalia, milimita moja kwa mara moja. Mpasuko wa pembeni mimi nauandika tu, sikimbilii kusogeza kitu. Mara nyingi chanzo chake ni kiganja kinachokamua mpini, au manyoya yanayogusa kiegemeo. Nilipaka rangi ya mdomo ya mke wangu kwenye kingo za manyoya, nikarusha, na alama nyekundu ikabaki kwenye kiegemeo. Nikauzungusha mkia wa mshale kidogo, alama ikaisha. Pia vua koti. Mwezi wa saba hapa Uyole asubuhi vidole vinakufa ganzi na kila mtu amevaa nguo nene, halafu uzi unapita ukikwaruza mkono wa koti.

Mishale yenyewe ndiyo wageni wengi huidharau. Ile ya aluminiamu ina namba: 2117 maana yake unene wa sehemu 21 kati ya 64 za inchi, na ukuta wa sehemu 17 kati ya elfu za inchi. Ya kaboni hupewa namba ya ugumu, na namba ndogo ndiyo ngumu zaidi. Unaweza kuipima nyumbani: egemeza mshale kwenye vitu viwili vilivyoachana inchi 28, yaani sentimita 71, ning'iniza katikati gramu 880 (mimi nilipima mchanga kwenye mizani ya dukani), upime ulivyobonyea. Wa 400 hubonyea milimita 10 hivi. Mishale yangu mitano ilikuwa aina mbili tofauti bila mimi kujua! Uzito niliupima kwa mizani ndogo ya dhahabu, kama zile za Chunya. Kwa pauni 60 usishuke chini ya gramu 19 na nusu. Kwa upinde mzee mimi napenda 30 au zaidi, mabawa yanapumzika. Na mshale wa kaboni ukunje kidogo kabla ya kila mrusho, usikilize. Ukilia, uvunje uutupe.

Hapo sasa ndipo vyembe. Kizungushe kila kimoja juu ya meza kikiwa kwenye mshale. Ncha ikiyumba, kikaze upya au kibadilishe. Maboksi ninayolenga nayaokota Mwanjelwa, nayabana kwa mkanda, na nyuma yake pana ukingo wa udongo. Rusha ncha butu tatu, kisha vyembe vitatu, mita 20. Vyembe vikienda kulia kwa ncha butu, sogeza kiegemeo kushoto nusu milimita. Vikienda chini, kipandishe. Badilisha kitu kimoja, rusha, andika.

Mimi ni wa maboksi. Anayetaka kwenda porini aende kwanza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya: kuwinda bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuhusu upinde uulize waziwazi kama unaruhusiwa. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbia ni jambo zito sana kwangu, ndiyo maana nasumbuka hivi na milimita.

Jumamosi ya nne, vyembe na ncha butu vilikaa ndani ya kiganja kimoja kwa mita 20. Ndipo nikasogeza kilengeo, mara moja. Nikapiga mstari mwembamba wa rangi ya kucha kwenye bolti, kwenye kiegemeo na kwenye kila gurudumu, na sasa huitazama mistari hiyo kabla ya mshale wa kwanza wa siku.