Kujenga Mtwara bila gari: jua uzito wa mzigo kabla hujaita dereva

Nimejenga Naliendele bila kumiliki gari la aina yoyote, kisha nikasimamia nyumba ya mjomba wangu ng'ambo ya maji, Msangamkuu. Tangu hapo kila ndugu anayenunua kiwanja huja kuniuliza kama asubiri kwanza apate pikapu. Usisubiri. Magari ya kukodi yapo, na mengi. Kinachokula hela za watu ni kuita gari bila kujua mzigo una kilo ngapi, halafu dereva ndiye anakupangia tripu.

Kwa hiyo kaa chini na fundi wako, chukua daftari, mpige hesabu ya uzito. Mfuko wa saruji ni kilo 50, mifuko 20 ni tani moja. Mchanga mkavu, mita moja ya ujazo ni tani moja na nusu hivi, ukilowa unazidi. Kokoto haziko mbali na hapo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ni kilo 10 na ushee. Ya milimita 16 inakaribia kilo 19. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu pipa lenyewe. Watu wanasahau kwamba maji nayo ni kifaa cha ujenzi. Ukijenga Newala au Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida, uliza bei ya boza kabla hujauliza bei ya bati.

Sasa tofali. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nauli inapotea.

Tofali la saruji la inchi 6 lina kilo 28 hivi, wakati mwingine 30. Ukilinyanyua moja unaona mzigo wa kawaida tu. Chukua tofali 1,500, idadi ambayo nyumba ndogo ya familia inazimaliza bila kelele: hizo ni tani 42. Ukizinunua mjini kwa mfyatuaji na kuzihamisha kwa Canter ya tani 3, ni tripu 14. Kila tripu ina wa kupakia na wa kushusha, na kila tripu tofali kadhaa zitafika zimevunjika, hasa njia ikiwa ya mashimo. Waliovunja hawalipi, unalipa wewe.

Tofali hizohizo ukizifyatulia kiwanjani, kwa kipimo cha tofali 25 kwa mfuko, unahitaji mifuko 60 ya saruji. Hiyo ni tani 3, Canter moja imemaliza. Mchanga wake ni kama mita 26 za ujazo, ambazo ni tripu 5 au 6 za tipa ya Fuso, na tipa inamwaga yenyewe. Tripu 14 za kubeba kwa mikono zimegeuka 6 au 7, na nyingi kati ya hizo hazimgusi mtu mgongoni. Kuna gharama ya fundi wa kufyatua na ya maji ya kumwagilia tofali angalau siku 7, lakini hata ukiiongeza, mimi nimeona mara zote inabaki nafuu kwa mtu ambaye kiwanja chake kiko mbali na mjini. Aliye Chikongola au Magomeni hapa Mtwara mjini, mita chache kutoka kwa mfyatuaji, apige hesabu yake upya. Kwake guta linaweza kumaliza kazi.

Mchanga wa tripu una ujanja wake. Bei inatajwa kwa gari, si kwa mita, na mabodi ya magari hayalingani. Beba futi kamba. Bodi la urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60 likijaa sawasawa lina mita 4.8 za ujazo. Pima kabla halijamwaga, mbele ya dereva, kwa heshima: "Kaka, naomba nipime tu nijue nitaongeza tripu ngapi." Sijakutana na dereva mwaminifu aliyekasirika kwa hilo. Na mchanga wa baharini uache palepale pwani, hata kama kiwanja chako kiko hatua chache kutoka ufukweni na usafiri ni wa bure. Chumvi yake inakula nondo ndani ya zege, na pwani ikichimbwa bahari inasogea kwenye nyumba za watu.

Tukija kwenye magari yenyewe. Kirikuu, zile Suzuki Carry ndogo, zimetengenezwa kubeba kilo 350, yaani mifuko 7 ya saruji. Utaziona zimepakiwa 15 na zaidi, springi zimelala, na dereva atakuhakikishia hakuna shida. Shida ipo, iko kwenye breki. Guta la pikipiki, au toyo, nalipenda kwa mzigo wa nusu tani kushuka chini: mifuko 10 ya saruji, milango, ndoo za rangi, vifaa vya maji. Linaingia uchochoro ambao Canter haiingii. Kwenye mchanga laini, na Mtwara imejaa mchanga laini, gurudumu la mbele linazama na mzigo wote unasukumwa na vijana kwenye jua. Lisipite na mzigo mzito kwenye miteremko mikali kama ile ya kutoka Newala kushuka Masasi. Canter ndiyo gari ya mjenzi: saruji, mbao, mabati. Fuso na tipa ni za mchanga, mawe na kokoto. Bodaboda ni ya misumari, binding waya (ile ya kufungia nondo) na boksi la soketi. Ukimwona bodaboda anaburuza nondo barabarani nyuma yake, huyo anahatarisha watoto wanaotoka shule, na aliyemlipa anahusika.

Jambo la pili linaloamua nauli huku kwetu ni korosho, na mgeni hawezi kulijua. Minada ikianza Oktoba, magari yanaondoka kwenye ujenzi na kukimbilia maghala. Canter uliyoizoea inakuambia njoo wiki ijayo. Wakati huohuo mkulima kapata hela, naye anataka saruji na bati, kwa hiyo madukani kunajaa. Kisha mvua zinaingia, Novemba au Desemba, na njia za vijijini zinaharibika mpaka karibu Aprili. Mzigo mzito wote, mawe, mchanga na kokoto, uwe umeshuka kiwanjani kati ya Juni na Septemba. Hauozi. Funika mchanga usibebwe na maji wala kuku, basi.

Kwa ndugu zangu wa Newala, Tandahimba, Masasi na hata Nachingwea, msimu huohuo ni neema. Malori yanateremsha korosho Mtwara mjini na bandarini, kisha yanarudi juu yakiwa matupu. Dereva anayerudi bila mzigo atakubali nauli ambayo mwezi Julai angeicheka. Agiza saruji yako mjini, elewana na mwenye duka aishike, na umpate dereva kupitia mtu wa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa korosho, anayejua gari gani inashuka lini. Hesabu hiihii ipo upande wa Dar es Salaam. Kiwanda cha Dangote kiko Msijute, hapahapa Mtwara, tangu 2015, na baadhi ya malori yanayokuja kubeba saruji huja bila kitu. Vigae na masinki ya Kariakoo vimewahi kunifikia hivyo kwa bei ambayo basi lisingenipa. Vifungwe vizuri na boksi zisimamishwe kwa ubavu. Kigae kilicholazwa na kurundikiwa vingine hupasuka.

Saruji ndiyo usiiwahishe. Hewa ya pwani ina unyevu, na saruji inavuta unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ikipita miezi 3 imeshapungua nguvu. Ilete kwa kiasi cha kazi iliyo mbele, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyotangulia kufika itangulie kutumika. Hakuna maana kuokoa nauli ya tripu moja halafu ukapata mifuko yenye mabonge. Mabati nayo, kama yamelowa njiani, yatenganishe siku hiyohiyo. Yakikaa yamebanana na maji katikati yanafanya madoa meupe ambayo hayatoki.

Nondo zinahitaji neno lake. Duka litakukunjia katikati ili ziingie kwenye gari fupi. Kwa nondo nyembamba za milimita 8 sibishani nao sana, mradi mkunjo uwe mpana. Kwa milimita 12 kwenda juu nakataa, kwa sababu chuma kilichokunjwa kwa nguvu na kunyooshwa tena kimechoka palepale penye mkunjo, na hujui fundi atapaweka wapi: kwenye nguzo, kwenye linta, juu ya vichwa vya wanao. Mwombe fundi orodha ya vipimo, zikatwe dukani. Akumbuke sehemu ya kupishana pale nondo mbili zinapoungwa, mara 40 hadi 50 ya unene, yaani sentimita 48 hadi 60 kwa nondo ya milimita 12. Zinazotokeza nyuma ya gari zifungwe kitambaa chekundu, na zisisafiri usiku.

Kabla gari haijaondoka dukani, mambo ya kukubaliana ni machache lakini yatamkwe yote. Nauli ni mpaka kiwanjani au mpaka barabarani? Nani analipa kupakia, nani kushusha? Gari ikikwama, ya kukwamua ni ya nani? Hesabu mifuko inapopanda na inaposhuka. Nilishapokea mzigo pungufu kutoka duka moja, na karatasi niliyoisaini na utingo ndiyo iliyorudisha mifuko yangu bila ugomvi. Shika risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, isafiri na mzigo, maana barabarani itaulizwa. Mbao na mirunda zina karatasi zake: kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Muuzaji akikuambia hakuna haja, nunua kwingine. Likikamatwa, gari ni la mtu na mbao ni zako.

Itembee njia kwa miguu siku moja kabla. Angalia nyaya za umeme zilizolegea. Angalia mikorosho, matawi yake yanainama mpaka chini, na dereva wa Fuso akifika hapo atamwaga mchanga nje ya shamba na kuondoka. Omba ruhusa kwa mwenye mkorosho, usikate tawi la mtu kwa haraka ya mchanga. Kikubwa zaidi, uliza mashimo ya vyoo yako wapi. Kifuniko cha shimo la jirani hakikutengenezwa kupitiwa na tani 7, na mara nyingi kimefunikwa na udongo, huwezi kukiona.

Msangamkuu ilinifundisha kugawa mzigo. Ni rasi, kwa hiyo lori linaweza kuzunguka kwa nchi kavu, ni mbali lakini linafika. Mchanga na mawe tulizungusha huko. Vifaa vyepesi vikavuka kwa kivuko kutoka mjini. Gharama iliyotuuma haikuwa nauli ya maji, ilikuwa mzigo kushikwa mara nyingi: kushusha kwenye gari, kupakia, kushusha tena, kupakia guta la upande wa pili. Saruji ikishikwa mara nne mifuko inapasuka. Kwa hiyo tulipendelea kuvusha vitu vilivyo ndani ya ndoo na boksi, na mjomba akawa anasubiri upande wake na vijana walioshalipwa, si wa kutafutwa palepale kivuko kinapotia nanga.

Hao vijana ndio nataka mwenye nyumba awafikirie. Kilo 50 kichwani, mfuko baada ya mfuko, vumbi la saruji machoni na kwenye jasho la shingo, ambako linachoma ngozi. Kuwa na maji ya kunywa, maji mengine ya kunawa, na vitambaa vya kufunika pua. Lipa kushusha siku hiyohiyo, hata kama dereva utamalizana naye kesho. Usikubali apande mtu juu ya mzigo wa tofali au mawe ili "aangalie". Gari ikiyumba, mzigo unamfunika. Mzigo ukifika jioni sana, mwambie dereva alale nao, mshushe asubuhi. Atataka hela ya kulala, mpe.