Maswali na majibu: Presha, sukari na saa za mgonjwa

Wengi mlioandika safari hii mnasomea uhudumu wa afya, au mko mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati na vituo vya afya vya hapa jijini. Tuanze.

Shikamoo sista. Nimemaliza kidato cha nne. Nimeona mtandaoni kozi ya Marekani ya usaidizi wa kitabibu. Nikiisoma nitapata kazi Amana au Mwananyamala? (Mbagala)

Marahaba. Kozi hiyo imetungwa kwa ajili ya kliniki za Marekani, ambako msaidizi hupima presha, hupokea simu, hupanga miadi na kujaza fomu za bima. Kama lengo ni hospitali zetu, tafuta chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Ukitaka stashahada ya utabibu, jiandae kuulizwa ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Masomo ya bure ya mtandaoni soma tu, ila chunga vipimo. Joto wanaandika kwa Fahrenheit, 98.6 yao ndiyo 37 yetu. Sukari wanaandika kwa miligramu, sisi kwa milimoli, kwa hiyo 180 yao ni 10 kwenye mashine zetu.

Sista, mama mmoja nilimpima presha nikapata 152/94. Muuguzi wa zamu alirudia baadaye akapata 134/82. Nani kakosea? (Tandika)

Kwanza niambie mama alifikaje. Kama kashuka daladala, kavuka barabara kwenye jua la saa saba, na wewe ukamfunga mkanda palepale, hiyo 152 usiiamini. Mwache akae dakika tano, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili chini, miguu haikupishana. Muulize kama amebanwa na mkojo, maana hilo peke yake hupandisha. Mkono uegemee meza, usawa wa moyo. Ukining'inia, namba inapanda. Mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya sweta wala ushungi, na ukingo wake wa chini uwe kama vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, utampa mtu presha asiyokuwa nayo. Halafu nyamaza, na yeye anyamaze. Najua wahudumu wetu wanapenda kuuliza habari za watoto huku mashine inapuliza. Subirini.

Ndipo rudia, na andika zote mbili pamoja na muda. Mtu haitwi mgonjwa wa presha kwa kipimo kimoja. 140/90 au zaidi inatakiwa ionekane tena siku nyingine. Isipokuwa ukikuta 180/120 au zaidi, hapo usisubiri foleni, mwite tabibu.

Nikiwa hapohapo: nimeona mafaili ambayo wodi nzima ina presha 120/80, joto 36.5 na pumzi 20. Huko ni kupika vipimo. Pumzi zihesabu dakika nzima, ukijifanya bado umeshika mapigo, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20.

Mgonjwa alisema amemeza parasetamoli saa mbili, nikaandika 2:00. Nimegombezwa mbele ya watu. Kosa langu nini? (Kigamboni)

Kugombezwa mbele ya watu pole, haikustahili. Lakini faili lina saa 24, na mgonjwa anahesabu kwa saa zetu. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Ulichoandika wewe ni saa nane usiku. Atakayesoma ataona saa nyingi zimepita, ampe dozi nyingine, kumbe hata zile saa nne za chini kabisa kati ya dozi na dozi hazijaisha.

Mtego mkubwa uko usiku. Mgonjwa amekuja Jumanne asubuhi, anakwambia "jana usiku saa nane nilitapika." Kwenye faili hiyo ni Jumanne 02:00, si Jumatatu. Muulize: ni usiku wa kuamkia leo? Akikubali, andika tarehe ya leo. Na ukimwelekeza dawa ya 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, inayotakiwa kila baada ya saa nane, mtajie kabisa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Ukisema "mara tatu" tu, atameza na chai, na wali, na ugali wa jioni, kisha usiku mzima hana kitu.

Haipo na haipa huwa zinanichanganya kwenye sukari. (Tabata)

Haipo (hypo) ni sukari kuwa chini, haipa (hyper) ni kuwa juu. Kwa mwenye kisukari, chini ya 4 ni haipo: anatetemeka, jasho jembamba, anaongea ovyo. Mwite muuguzi, kama anameza vizuri, apewe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni.

Nimejichoma na sindano iliyotumika, naogopa kusema. (Buguruni)

Mwanangu, sema leo, sasa hivi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye kidonda wala usimwagie jiki. Dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28. Uliza pia kuhusu chanjo yako ya homa ya ini aina ya B. Kesho usirudishie kifuniko cha sindano. Itupe nzima kwenye boksi la usalama, na boksi likifika robo tatu lifungwe.

Nikivaa glovu bado ninawe mikono? (Kimara)

Ndiyo, kabla na baada. Na glovu za mgonjwa huyu hazimgusi yule, hata kama wamekuja mume na mke.