Re: "Scruple" naitafsirije kwa Kiswahili?

Mkuu nimekusoma, unatafsiri stori umekwama kwenye "scruple", kamusi inakupa "wasiwasi" na unaona haikai. Kweli haikai, wasiwasi ni hofu tu, hii ni ile konda kakurudishia chenji imezidi, ushashuka Mwenge noti iko mkononi na daladala bado inaita abiria, nafsi inakusuta. Mi ningeandika "kusutwa na nafsi", na yule asiyejali kabisa andika "hana hata chembe ya soni", kwangu hiyo ndo tamu zaidi.

Asili yake Kilatini, scrupulus, kijiwe kidogo chenye ncha, na Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alishalitumia kwa kitu kinachokukosesha raha moyoni. Ila chunga hapa, neno hilohilo lilikuwa kipimo cha wauza dawa wa zamani Uingereza, kama gramu 1.3 hivi, kwa hiyo ukilikuta kwenye maandishi ya dawa usiweke dhamiri bana, utachekesha watu.

Ikiwa ni nyaraka za mahakamani usijitafsirie mwenyewe, mpe mtafsiri anayetambulika apitie kabla hujakabidhi.